Songoro wa ghalani: je, hesabu inakubali?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi. Yeye na wenzake wanne wana kiwanja karibu na ufukwe. Muuzaji wa mitambo amewaletea pendekezo la kufuga songoro ndani ya ghala, kwenye matangi ya maji ya bahari yanayochujwa na kurudishwa kwa samaki, siku nenda siku rudi. Mtambo ni wa tani 50 kwa mwaka, bei yake shilingi bilioni 1.5. Chakula kutoka nje kitafika kwa 5,000 kwa kilo, umeme watalipa 300 kwa uniti, benki inataka riba ya 15%, na muuzaji anawahakikishia kwamba hoteli za Zanzibar zitanunua kilo kwa 18,000. Swali lake: "Je, hesabu inakubali, au tunauziwa ndoto?"

Ndugu yangu, kwa bei ulizonipa, hesabu haikubali. Mitambo yenyewe, ambayo mafundi wote huiita RAS, inafanya kazi. Samaki wa bahari wanafugwa nchi kavu leo hii Uholanzi, Denmark na Marekani, wanakua, wanavunwa na wanaliwa. Tatizo liko kwenye fedha, na haliko pale ambapo wengi wanalitafuta. Nitakueleza kwa namba zako mwenyewe, kisha nitakuambia ni wapi naona mitambo hii ingewalipa watu wa pwani yetu.

Tuanze na kilo moja ya songoro. Samaki huyu ni mla nyama, anataka chakula chenye protini ya kama 45%. Tuchukulie kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya samaki, kiwango ambacho msimamizi mzuri anaweza kukifikia. Hiyo ni shilingi 7,500. Umeme wa pampu, vipulizia hewa na oksijeni tuuweke uniti 8 kwa kilo. Mashamba makubwa ya samoni hutajwa mara nyingi kati ya uniti 5 na 8, na ninyi ni wadogo, kwa hiyo sijawaonea. Hapo ni 2,400. Vifaranga, baada ya kuhesabu watakaokufa, 800. Mishahara ya watu wanane wanaopokezana zamu usiku na mchana, 1,500 kwa kilo. Vipuri, dizeli ya jenereta, bima, vipimo vya maji na baikaboneti ya sodiamu, 1,500 nyingine.

Mpaka hapa ni 13,700, na ninahisi muuzaji wenu aliishia hapa. Ukitoa 13,700 kwenye 18,000 unaona faida nono ya 4,300. Lakini mtambo wa bilioni 1.5 mkiugawa kwa miaka kumi ya maisha yake ni milioni 150 kwa mwaka, yaani 3,000 kwa kila kilo. Riba ya 15% kwa mwaka wa kwanza ni milioni 225, yaani 4,500 kwa kilo. Jumla sasa ni 21,200. Mnauza kwa 18,000. Kila songoro wa kilo nne anayetoka ghalani anaondoka na shilingi 12,800 za mifuko yenu.

Angalia tena hizo namba mbili za mwisho. Uchakavu na riba kwa pamoja ni 7,500 kwa kilo. Chakula nacho ni 7,500. Majengo na mitambo yanakula sawasawa na samaki wenyewe, na yanakula hata siku ambayo samaki hawali. Watu wanaoniuliza kuhusu RAS karibu wote huanza na umeme. Jaribuni kuufuta kabisa: chukulieni kwamba mmefungwa sola kwa msaada, hamlipi hata senti. Gharama inashuka hadi 18,800, na bado mnauza kwa hasara. Umeme unatisha kwa sababu bili yake inakuja kila mwezi. Mtaji hauleti bili, ndiyo maana unaua kimyakimya.

Utasema: basi tusikope, tuchange wenyewe. Riba ikiondoka, gharama ni 16,700 na faida ni 1,300 kwa kilo, milioni 65 kwa mwaka. Lakini fedha mtakazokuwa mmezika si bilioni 1.5 tu, bali ni zaidi ya bilioni 1.8, kama nitakavyoonyesha hapa chini. Milioni 65 juu ya fedha hizo ni kama 3.5%. Hati fungani za serikali hulipa zaidi ya hapo, na hazifi zikikosa oksijeni.

Sasa nizungumzie bei ya mtambo, kwa sababu hapa nina shaka na muuzaji. Bilioni 1.5 kwa tani 50 ni shilingi milioni 30 kwa kila tani ya uwezo wa mwaka, kama dola 12,000 kwa dola ya shilingi 2,500. Mwaka 2016 watafiti wa Freshwater Institute ya Marekani pamoja na SINTEF ya Norway walichapisha ulinganisho wa mashamba mawili ya samoni yaliyopigiwa hesabu kwenye karatasi, kila moja la tani 3,300, moja la nchi kavu kwa RAS, jingine la vizimba vya baharini. La nchi kavu lilihitaji mtaji wa dola milioni 54, la vizimba dola milioni 30. Gawanya uone: la RAS ni zaidi ya dola 16,000 kwa tani, tena kwa shamba kubwa mara 66 kuliko lenu. Mtambo mdogo kwa kawaida hugharimu zaidi kwa tani, haupungui, kwa sababu maabara, jenereta, kipima oksijeni, uzio na fundi unavihitaji hata ukiwa na samaki wachache. Kwa hiyo mtambo wenu ukiwa nafuu kuliko ule wa Marekani kuna kitu hakimo. Mara nyingi huwa ni mfumo wa akiba: pampu ya pili, jenereta ya pili, tangi la oksijeni la dharura. Muulizeni kimojakimoja.

Utafiti huohuo ulikuta gharama ya kuendesha kwa kilo, bila riba na uchakavu, haipishani sana, dola 4.37 kwa nchi kavu na 4.30 kwa vizimba. Kilichotofautisha mashamba hayo ni mtaji, na la nchi kavu lilionekana kufanya vizuri pale tu samaki wake walipouzwa kwa bei ya juu kuliko wa vizimbani.

Turudi kwenye zile bilioni 1.8. Ile milioni 300 na zaidi inayozidi bei ya mtambo haimo kabisa kwenye karatasi ya muuzaji wenu. Mtambo ukishajengwa, bakteria wa kwenye kichujio wanapaswa kuota kwanza. Hao ndio wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitraiti kisha nitreti, na katika maji ya chumvi wanachelewa kuliko katika maji baridi. Wiki nane si ajabu. Kisha songoro anachukua kama mwaka kufikia kilo nne. Mkiweka vifaranga kila baada ya miezi mitatu ili muwe na mavuno ya mfululizo, siku ya kuvua kundi la kwanza mtakuwa na kama tani 23 za samaki ndani ya matangi, na zimekula tani 35 za chakula. Hizo ni milioni 175 mlizolipa kabla ya kuuza hata mkia mmoja. Ongeza mishahara ya miezi 14, kama milioni 90. Umeme, kwa kuwa pampu zinazunguka hata matangi yakiwa nusu tupu, weka milioni 80. Mpaka hapo ni karibu milioni 350. Mkiwa mmekopa, riba ya miezi hiyo ni kama milioni 260 nyingine, na jumla inapita milioni 600. Miradi mingi hufia hapa, samaki wakiwa wazima na wanene, wamiliki hawana ya kununulia mifuko ya chakula ya miezi mitatu ya mwisho. Wanavua samaki wa kilo moja na nusu na kuwauza kwa bei yoyote, na tangu hapo hesabu hairudi tena.

Hayo yote ni kama kila kitu kimeenda sawa na mmefikisha tani 50. Je, mkifikisha 30? Uchakavu, riba, mishahara na matunzo, ambavyo jumla yake ni 10,500 kwa kilo, vinapanda hadi 17,500 kwa sababu mzigo uleule unabebwa na kilo chache. Gharama ya kilo inagonga 28,200, na hapo nimewahurumia kwenye umeme. Kufika 60% ya uwezo si uzembe. Kampuni ya Atlantic Sapphire ilijenga Homestead, Florida, hatua ya kwanza iliyokusudiwa kutoa takriban tani 10,000 za samoni kwa mwaka, kwa mpango wa kufikia tani 220,000 ifikapo 2031. Ilikuwa na fedha za soko la hisa la Oslo na wataalamu waliokuwa wamejifunza kwanza Denmark. Hata hivyo mavuno ya mwaka 2021, 2022 na 2023 hayakufika hata theluthi ya uwezo wa hatua hiyo. Februari 2020 walipoteza samaki 227,000 kwenye shamba lao la Denmark. Machi 2021 walipoteza karibu tani 500 Florida. Septemba mwaka huohuo shamba la Denmark likateketea kwa moto. Simtaji mtu kwa ubaya, wale walikuwa watangulizi na wametufundisha sote. Ila mkipanga, pangeni kwa kudhani kwamba miaka mitatu ya mwanzo mtavuna nusu.

Kwa nini inakuwa hivyo? Maji ya chumvi yana ugumu wake. Kwenye nyuzi 28, maji baridi yakishiba hewa hubeba miligramu 7.8 hivi za oksijeni kwa lita, ya bahari hubeba 6.4 tu. Samaki wakiwa kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, na kila kilo ikivuta miligramu 300 kwa saa, oksijeni inashuka miligramu 15 kwa lita kila saa. Umeme ukikatika na hakuna kitu kilichojiwasha chenyewe, baada ya kama dakika 16 mko pabaya, na mapato ya miezi sita yanaelea. Mlinzi anayetakiwa kuamka, kutafuta ufunguo na kuwasha jenereta hatoshi. Halafu kuna salfeti, ambayo imejaa kwenye maji ya bahari kwa asili. Pakiwa na kona ya tangi au bomba ambako kinyesi kimetuama bila hewa, bakteria huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama mayai viza, na kiasi kidogo sana chake kinaweza kuua tangi zima kwa ghafla. Kuna pia kimelea kinachoitwa Amyloodinium, ambacho songoro hakiwezi kabisa. Kikiingia na kundi moja la vifaranga wasiotengwa, maji yanayozunguka yanakisambaza kila tangi, na dawa nyingi zinazokiua zinaathiri pia bakteria wa kichujio.

Kuna na gharama ndogondogo ambazo wauzaji hawazitaji. Kila kilo ya chakula chenye protini 45% huacha kama gramu 40 za amonia majini, na bakteria wanapoichoma wanakula ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuzuia asidi. Kuurudisha mnahitaji gramu 150 hadi 250 za baikaboneti ya sodiamu kwa kila kilo ya chakula. Kwa tani zenu 75 za chakula, hiyo ni kama tani 15 kwa mwaka, lori zima na zaidi. Tope la kinyesi nalo lina chumvi, hamwezi kumpa mkulima wa mahindi alimwage shambani, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, watataka kujua linaenda wapi kabla hamjaanza.

Sasa bei. Kilo ya 18,000 si uongo, hoteli zinaweza kulipa hivyo kwa samaki mzuri. Swali ni kama zitalipa hivyo kwa tani moja kila wiki, mwaka mzima, pamoja na masika hoteli zikiwa nusu tupu, wakati mvuvi wa Tanga amepandisha songoro wa jana usiku pale Deep Sea na hana mkopo wa pampu wa kulipa. Kila mahali ambapo RAS ya samaki wa bahari imepata pumzi, kuna gharama fulani kubwa iliyokuwa ikikwepwa. Kule Florida walikuwa wanakwepa nauli ya ndege ya kuleta samoni kutoka Ulaya. Wanorwe wanakwepa bei ya leseni za vizimba na gharama za chawa wa samaki. The Kingfish Company, walioanza mwaka 2015 na wanaovuta maji ya Oosterschelde huko Zeeland, Uholanzi, wanafuga samaki ambaye wavuvi wa Ulaya hawamleti kwa wingi, na wateja wake ni migahawa ya sushi iliyokuwa ikiagiza kutoka mbali. Hata hao, wakiwa na bei nzuri namna hiyo, wameendelea kwa miaka mingi kuwaomba wanahisa mtaji mpya. Ninyi Tanga mnakwepa nini? Bahari iko mbele yenu, ina joto samaki analolitaka, na kuitumia kwa kizimba au bwawa ni rahisi mno ukilinganisha na ghala.

Mfano ninaopenda kuwapa watu ni Australis. Walifuga barramundi, samaki wa maji ya joto, kwa RAS huko Turners Falls, Massachusetts, kwenye baridi kali, na kiufundi waliweza. Walipotaka kukua hawakujenga ghala kumi, walikwenda kufungua vizimba baharini Vietnam. Watu waliolijua ghala vizuri kuliko wengine walikwenda kutafuta maji yenye joto ya bure. Ninyi mmezaliwa kwenye maji hayo.

Sasa nikuambie ninachokiamini, na nimekiamini kwa muda mrefu: RAS kwenye pwani yetu ijengwe kwa ajili ya samaki wadogo. Chukua Mediterania. Kifaranga wa seabass, samaki wa bahari anayefugwa sana huko, wa gramu 2 huuzwa kwa kama senti 20 za euro au zaidi. Inaonekana ndogo mpaka uweke kwenye mizani: kilo moja ni vifaranga 500, yaani euro 100. Samaki huyohuyo akishakua, mfugaji anamuuza kwa euro chache tu kwa kilo. Tangi moja, pampu moja, mita moja ya ujazo. Tofauti ya thamani ya kilichomo ni zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana vituo vya kuzalisha vifaranga Ulaya vinatumia RAS na vinalipa, na ndiyo maana Wanorwe hukuza samoni wao wadogo ndani ya RAS kisha wakawatoa baharini kunenepa. Mtaji mkubwa unabebwa na bidhaa yenye thamani kubwa kwa kila lita ya maji. Samaki anapoanza kula sana na kujaza tangi, anapelekwa kwenye maji ya bei nafuu.

Na huku kwetu kifaranga ndiye anayekosekana. Wafugaji wa mwatiko, samaki wa mabwawa ya maji ya chumvi, kuanzia Kilifi na Kwale, Tanga, Unguja na Pemba hadi Mtwara, wengi bado wanategemea kuokota vifaranga kwenye madimbwi ya maji kupwa, kwa msimu, kwa bahati. Bwawa liko tayari, mikono iko tayari, mbegu haipo. Ndiyo maana FAO na KOICA waliisaidia Zanzibar kujenga kituo cha kutotolesha pale Beit el Ras. Tukichukulia mtu analea kifaranga wa mwatiko hadi gramu 5 na kumuuza kwa shilingi 300, kilo ya vifaranga hao 200 ni shilingi 60,000. Ile 300 ni dhana yangu, msiichukue kama bei ya soko. Nendeni mkawaulize wenye mabwawa wangelipa ngapi kwa kifaranga mzima aliyefikishwa bwawani mwezi wowote wanaoutaka. Lakini hata ikishuka hadi 150, kilo bado ni 30,000, na samaki huyo mmekaa naye wiki chache tu, si mwaka. Mzunguko wa fedha ni mfupi, chakula ni kidogo, na kundi moja likifa mnapoteza wiki, hampotezi kampuni.

Mtambo wa kulelea si wa bilioni. Unahitaji matangi machache, kichujio kizuri, kisima cha ufukweni ambacho mchanga wake unachuja vimelea vingi, jenereta inayojiwasha, na kijana mmoja aliyesomea samaki na anayelala hapohapo. Ugumu wake ni wa aina nyingine: kupata mayai au viluwiluwi wa kuanzia, na kulisha midomo midogo kwa chakula hai siku za mwanzo. Kwa hiyo nisingewashauri muanze na kutotolesha. Anzeni na kulea, mkinunua wadogo kutoka kituo kilichopo au kwa waokotaji, muwafikishe kwenye ukubwa ambao mfugaji wa bwawa anaweza kuwaamini.

Kama bado mnautaka mradi wa songoro, kabla ya kusaini mwandikieni muuzaji maswali haya na mtake majibu kwa maandishi. Vifaranga vya songoro vitatoka kituo gani, kwa kibali cha nani, na wakichelewa miezi minne nani analipa riba? Ni shamba lipi la samaki wa bahari, si perege, ambalo mtambo wake umefikisha uzito ulioahidiwa kwa miaka miwili mfululizo, na je, mnaweza kwenda kuzungumza na mwenye shamba bila yeye muuzaji kuwapo? Je, atakubali robo ya malipo ibaki mikononi mwenu mpaka mtambo ubebe tani 20 za samaki kwa wiki nne bila oksijeni kushuka chini ya kiwango mlichokubaliana? Na yeye mwenyewe ataweka hisa?

Hilo la mwisho litawaambia mengi. Mkipata majibu, nitumieni pamoja na barua ya hoteli yoyote iliyo tayari kuandika kiasi na bei, nami nitaipitia hesabu upya mstari kwa mstari.